Binti wa miaka 13 na upasuaji wa kuunganisha mgongo
Dada, umeuliza kama binti yako atadumaa akiunganishwa pingili za mgongo wake uliopinda. Hatadumaa. Zinazoacha kukua ni zile pingili zilizounganishwa tu; miguu na sehemu nyingine ya mgongo huendelea. Madaktari hukadiria hasara ya sentimita 0.07 kwa kila pingili kwa kila mwaka wa kukua uliobaki. Pingili 10, miaka 2: sentimita 1.4 hivi. Na mgongo uliopinda ukinyooshwa, kimo huongezeka palepale kwenye meza ya upasuaji. Wangu alifanyiwa hapa Nairobi akiwa na miaka 14. Aliporudi nyumbani tulimpima kwenye fremu ya mlango, alama mpya ikapita ile ya zamani kwa vidole viwili, na sketi ya shule ikawa fupi.

Kama binti yako ameshaanza hedhi, kukua kwingi kumeshapita. Daktari atathibitisha kwa eksirei ya nyonga. Ila mtoto wa chini ya miaka 10 ni habari nyingine kabisa. Kifua na mapafu yake bado yanahitaji nafasi, ndiyo maana kwanza huwekewa vyuma vinavyorefushwa, kwa kawaida kila miezi 6 hivi, na kuunganisha kunasubiri.