Kusoma makundi ya Usenet kwa Thunderbird bila kumaliza bando

Mkuu, umeuliza kama bado kuna namna ya kusoma makundi ya Usenet, yale mabaraza ya zamani ya mijadala ya maandishi kwenye intaneti, baada ya Google Groups kujitoa, na kama Thunderbird, programu ya bure ya barua pepe, itakumalizia bando. Namna ipo, na kwa upande wa bando sijaona njia nafuu kuliko hiyo. Naitumia hapa Tabata kwenye laptop ya mtumba ya Kariakoo, intaneti naichota kwenye simu.

Google waliacha kupokea na kutuma ujumbe mpya wa Usenet tarehe 22 Februari 2024. Ya zamani bado yanasomeka pale. Lakini Usenet haikuwa mali yao. Wazo lilianzia Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 1979, na mpaka leo ni seva nyingi, yaani kompyuta za kutunza na kusambaza ujumbe, zinazopeana ujumbe zenyewe kwa zenyewe. Unachotafuta ni seva moja tu ya kukupokea. Mimi nipo Eternal September: bure, maandishi matupu, hakuna mafaili ya muvi. Unajisajili kwenye tovuti yao, unapewa jina la kuingilia na nywila.

Tumia Thunderbird ya kompyuta. Ile ya Android haina kitu hiki, usihangaike nayo. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti, ongeza akaunti mpya, ila chagua iliyoandikwa Newsgroup, siyo ya barua pepe. Itakuuliza jina, anwani yako ya barua pepe na seva, ambayo ni news.eternal-september.org.

Kwenye anwani tulia kidogo. Utakachoandika kitaonekana na kila mtu siku utakapochangia, na roboti za matangazo zinapita humo kuokota anwani. Wengi tunaweka ya uongo inayoishia na .invalid, kwa sababu mwisho huo umetengwa rasmi usiwe wa mtu yeyote. Ukijitungia gmail ya kubuni unaweza kumtwisha mwenzio takataka zako.

Sasa panapokwamisha watu. Programu inajiwekea poti (namba ya mlango wa kuingilia kwenye seva) 119, bila ulinzi, wala haikuombi nywila. Matokeo yake seva inakukatalia, au unaletewa orodha tupu. Rudi kwenye mipangilio ya seva, chagua SSL/TLS, ndiyo ulinzi wa kuficha mawasiliano, hakikisha poti imekuwa 563, halafu weka tiki kwenye kisanduku cha kuomba uthibitisho kila unapounganishwa. Ukiona kila kitu kiko sawa na bado inazunguka tu, shuku mtandao. Ofisi moja niliyofanyia kazi Posta walifunga poti zote isipokuwa za tovuti; nikiwasha hotspoti ya simu, mambo yanakwenda. Jaribu hilo kabla hujaanza kufuta akaunti.

Ikikubali, bofya kulia kwenye jina la akaunti, chagua kujiunga. Mara ya kwanza inashuka orodha ya makundi yote, na ni ndefu kweli, kwa hiyo subiri bando la usiku. Majina yanaanza na jumla: comp.lang.python maana yake kompyuta, lugha za programu, Python. Jiunge na machache, maana mengi siku hizi ni dampo la matangazo.

Ukifungua kundi, vinashuka vichwa vya habari tu. Vikizidi 500 inakuuliza kwanza, usikubali vyote. Ujumbe wenyewe unashuka ukiubofya, na ni maandishi, hakuna video ya kujicheza yenyewe. Kinachonifurahisha zaidi kiko kwenye sehemu ya usawazishaji na hifadhi: unachagua kundi lisomeke nje ya mtandao, unapakua asubuhi, jioni umeme umekatika na data umezima, unasoma kwa betri. Hata majibu unaandika hapo hapo, yanakaa yakisubiri urudi hewani. Uzi, yaani mjadala mmoja na majibu yake, ukikuchosha, bonyeza K, utanyamaza.

Siku ukichangia, kitufe cha kundi ni Followup. Reply inakwenda kwa mwandishi peke yake, na kama naye ameweka .invalid haifiki popote. Jibu lako liandike chini ya maneno uliyonukuu, mengine yote yakate. Wazee wa kule hawana simile na mtu anayenukuu ukurasa mzima ili aseme asante.