Meza za nje Ilazo: zitachangamsha senta au tutakula vumbi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina kamgahawa huku Ilazo, fremu mbili zinatazama mashariki, mchana nauza wali na ugali, jioni chipsi na mishkaki. Shida ni usiku, ikishafika saa moja senta inakufa kabisa, wafanyakazi wanashuka kutoka Mtumba kwenye mji wa serikali wanapitiliza zao nyumbani au wanaenda kula mjini. Nataka kutoa meza nje ila mume wangu anasema kwa upepo huu wa Dodoma nitauza mishkaki ya mchanga. Hivi kweli meza na miti vinaweza kuchangamsha senta nzima au hayo ni mambo ya Ulaya? – Mama wa Mishkaki

JIBU: Mama, pole na hongera. Hao Ulaya wenyewe walibisha hivyo hivyo. Copenhagen walipofunga mtaa wa Strøget magari yasipite mwaka 1962, watu walisema sisi na baridi yetu nani atakaa nje, leo wanakaa na mablanketi miguuni. Ila huna haja ya kwenda mbali, Forodhani pale Zanzibar watu wanafuata urojo na pweza, wanabaki kwa sababu pana taa, pana pa kukaa na pana watu wengine wa kuwaangalia. Kuna Mmarekani anaitwa William Whyte alikuwa anapiga filamu viwanja vya New York, akaona watu wanakaa pale penye pa kukaa (basi!), na wanapenda kiti wanachoweza kukisogeza, hata wakikisogeza kidogo tu.

Sasa turudi kwako. Kutazama mashariki ni bahati, kuanzia alasiri jengo lenyewe linakupa kivuli bure, wenzako wa upande wa pili ndio wanachomwa na jua la jioni. Ubaya wake upepo wetu mwingi unatoka mashariki na kusini mashariki kwa hiyo unakupiga usoni, mumeo hajakosea, mwezi wa nane na wa tisa ni balaa. Dawa yake weka kizuizi cha kiunoni upande huo, maboksi ya mbao yenye maua au michongoma, upepo unapungua nguvu na mtu aliyekaa bado anaona barabara na anaonekana. Chini mwaga kokoto au paving, na umwagie maji kabla watu hawajaanza kuja. Jiko la mishkaki lipeleke kona ya kaskazini, moshi usipite mezani.

Ila nakuomba usizungushie mabati! Hii tabia ya kufunga eneo juu hadi chini ndiyo inayoua mitaa yetu, ndani kumejaa watu wanacheka, nje anayepita anaona ukuta wa bati na giza, atasimama afuate nini? Taa nazo tumia za rangi ya njano, ziwe nyingi ndogo ndogo, ile moja kubwa nyeupe inafanya watu waonekane kama wapo polisi.

Na usifanye peke yako. Ongea na wa duka la dawa, wa saluni na muuza matunda wa jirani, kila mmoja aache taa ya nje inawaka mpaka saa tatu usiku. Mama akija kusuka, mtoto anakula chipsi kwako, baba anasubiri na soda. Senta inachangamka hivyo, meza zako peke yake haziwezi.

Kuhusu ruhusa, pitia serikali ya mtaa kwanza, uulize hifadhi ya barabara yako inaishia wapi maana barabara za mitaa zipo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kwenye barabara kuu Sheria ya Barabara ya 2007 inahesabu mita 30 kila upande kutoka katikati, za mitaani ni nyembamba zaidi. Usimwage zege wala kujenga banda, weka vinavyobebeka, na uache njia ya waenda kwa miguu na mtaro wa maji.

SWALI: Mti gani unafaa mbele ya fremu, Nkuhungu?

JIBU: Mwarobaini. Unavumilia ukame na kivuli chake kizito. Panda mvua zikianza mwezi wa 12, mbali kidogo na ukuta na bomba, uuzungushie miiba maana mbuzi wa Nkuhungu tunawajua.