Majani, Gunia na Mgongo Unaouma

Swali la wiki hii lilitutaka tutaje wimbo wa zamani wa roki unaohusu majira ya mwaka, ambao haujapewa heshima unayostahili. Wangu ni "Autumn Almanac" (yaani "Almanaka ya Vuli") wa kundi la The Kinks la London, uliotungwa na Ray Davies na kutolewa Oktoba 1967.

Uingereza ulifika nafasi ya 3, ila Marekani haukuingia hata katika nyimbo 100 bora, na kwa kuwa haukuwekwa katika albamu yoyote ya studio ya wakati ule, wengi wanaoujua "Waterloo Sunset" wa mwaka huohuo hawajapata kuusikia. Jambo hilo linaniuma, maana kwangu mimi huu ndio bora kati ya hizo mbili.

Niliusikia mara ya kwanza nikikusanya majani yaliyolowa mbele ya nyumba niliyopanga mjini Reading, Uingereza, vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu. Kwetu vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, ni wakati wa kupanda. Huku nilikuta jina hilohilo likitumika kwa msimu wa miti kubaki mitupu, na sikuupenda hata kidogo. Wimbo huu ndio ulionipatanisha nao. Unaanza alfajiri, kiwavi akitambaa kutoka kwenye ua wa mimea uliojaa umande. Kisha upepo unapeperusha majani ya manjano, na mwimbaji anayafagia na kuyatia guniani, huku akiulalamikia mgongo wake wenye baridi yabisi. Hamna machozi ya mpenzi aliyeondoka. Kuna chai, mikate midogo ya zabibu iliyopakwa siagi, mpira Jumamosi, nyama ya kuoka Jumapili na likizo ya Blackpool, mji wa pwani wa Uingereza, yaani majira yanapimwa kwa kazi na mazoea ya mtu wa kawaida, jinsi sisi wenyewe tunavyoyaishi.

Halafu anasema huu ni mtaa wake, hatauhama hata akifikisha miaka 99, na papo hapo anakiri kwamba hawezi kuondoka kwa sababu mtaa wenyewe unamwita arudi nyumbani. Siku nyingine hapo namsikia mtu aliyeridhika. Siku nyingine, hasa jioni za Novemba giza linapoingia saa kumi na moja, namsikia mtu aliyenaswa, nami narudisha wimbo mwanzo, kwa kiwavi wake.