Kabla ya kumnunua chura wa shaba, ichomoe droo yako

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Umewahi kupanga droo za nyumbani kwako kwa kufuata feng shui, na je, imekusaidia?" Mimi ni fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam. Droo nazitengeneza, na nyingine hurudishwa kwangu zikiwa zimekwama. Jibu langu ni kwamba kwa Wachina, wenye elimu hiyo ya kupanga nyumba ili ilete bahati, kuna la kuchukua, ila si lile linalouzwa madukani.

Linalouzwa ni kona ya utajiri. Unaambiwa chumba ukigawe mafungu tisa, uitafute hiyo kona, uweke droo ya pesa na ndani yake sarafu zenye tundu zilizofungwa uzi mwekundu, au yule chura wa shaba mwenye miguu mitatu na sarafu mdomoni. Wateja huniuliza kona yenyewe ni ipi. Nami huwauliza: kwa mwalimu yupi? Wapo wanaopima kwa luopan, dira ya Kichina yenye duara ndani ya duara, na kwa wengi wao utajiri uko kusini-mashariki. Wapo pia wanaomfuata Thomas Lin Yun, mzaliwa wa Beijing aliyehamia Marekani na kufungua hekalu Berkeley, California. Hao dira hawaitaki; wanasimama mlangoni, wanatazama ndani, wanahesabu kona ya mbali mkono wa kushoto. Sasa chukua nyumba ambayo mlango wake uko ukuta wa kusini. Wa dira atakupeleka kusini-mashariki, wa Lin Yun atakupeleka kaskazini-magharibi. Kabati ni moja, nalo ni zito.

Tena elimu hii imetoka nchi ambayo nyumba nzuri hutazama kusini ili ipate jua na kuipa mgongo baridi ya kaskazini. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua la adhuhuri liko kaskazini kwetu, na hiyo baridi ya kuipa mgongo hatuna.

Wazee wa fani hii wala hawakuhangaika na droo. Maandishi ya kale wanayoyategemea, yanayohusishwa na Guo Pu aliyeishi kati ya mwaka 276 na 324, yanahusu mahali pa kuzika wafu: kwamba qi, ile pumzi ya uhai, hutawanywa na upepo na hukomea penye maji. Mambo ya droo za jikoni yalivuma miaka ya 1990 kupitia vitabu vya Ulaya na Marekani.

Qi sina kipimo chake. Lakini upepo na maji ndani ya droo ni kazi yangu ya kila siku. Masika yakiingia, mbao hunywa unyevu na kuvimba kwa upana, ndiyo maana droo iliyokuwa ikiteleza Januari inagoma Aprili. MDF, yale mabapa ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ikilowa ndiyo basi, haitarudi ilivyokuwa hata ukiianika juani wiki nzima. Droo ikijazwa mpaka juu hewa haipiti, karatasi zinashika ukungu, funguo zinaota kutu, mende wanajipatia chumba na chakula. Na uzito wote umelala juu ya kipande chembamba cha plaiwudi kilichoshikwa na gundi na vimisumari. Kikilegea, watu husema fundi amewaibia. Wakati mwingine kweli fundi amewaibia, lakini mara nyingi ni kilo za makaratasi.

Kwa hiyo usipange droo ikiwa ndani ya kabati. Ichomoe yote, imwage juu ya mkeka, igeuze uangalie tako lake. Paka nta ya mshumaa inapoteleza kama haina reli za chuma. Halafu ndipo uangalie kilichomwagika, na kwetu huwa ni yaleyale: risiti za LUKU, chaja za simu zilizokwisha kufa, rimoti ya king'amuzi kilichouzwa, kadi za michango ya harusi ambazo maharusi wenyewe wana watoto shuleni. Zile tarakimu 20 za LUKU ukishaziingiza kwenye mita hazina kazi tena. Risiti ya dukani unayoiweka kwa ajili ya dhamana ipige picha leo, maana karatasi ile maandishi yake hufifia na utabaki na kipande cheupe. Dawa zilizopita muda zitenge. Betri zisikae pamoja na misumari na sarafu, zinaweza kugusana zikapata moto. Na zile ndogo za duara, mtoto akimeza moja, ndani ya saa mbili inaweza kumuunguza koo vibaya. Hiyo ndiyo kona ninayoigombea katika nyumba yenye watoto: droo ya juu kabisa, yenye kitasa.

Ninalolipenda kwa Wachina ni tarehe. Kabla ya mwaka wao mpya familia husafisha nyumba nzima, na huko Guangdong wengi huifanya kazi hiyo siku ya 28 ya mwezi wa mwisho. Siku ya mwaka mpya ufagio haushikwi, wasije wakaifagia bahati nje. Hapo sibishani na mtu. Anayesema "nitapanga nikipata nafasi" hapangi. Nyumba nyingi za pwani zina Shaaban yao kabla ya mfungo, sufuria zinasuguliwa na mapazia yanafuliwa, ila droo hurukwa kwa kuwa mgeni haioni.

Kuna droo moja ambayo vitabu vya feng shui vinaiharakisha na mimi nakataa, nayo ni ya marehemu. Vinasema vitu vyake vinazuia nyumba kupumua, vitolewe. Nguo sawa, arobaini ikipita wanafamilia wanagawana. Droo ya karatasi ni habari nyingine. Humo mna kadi ya benki, hati ya kiwanja, risiti ya deni ambalo mdai atakuja kulidai mara ya pili, namba ya simu ya mtu wa kijijini asiyejulikana na watoto. Ifungwe kama ilivyo, siku ya kuifungua wakae warithi wote, kila karatasi isomwe kwa sauti na iandikwe kwenye daftari, na pasitupwe kitu mpaka mirathi iishe mahakamani.