Mkimwalika Profesa, Mpeni Madaftari Kabla ya Chaki

Mara ya kwanza tulipomkaribisha profesa wa hisabati kwenye jumuiya yetu ya ujifunzaji, yaani walimu tunaokutana kujifunza pamoja, tulimfutia ubao, tukampa chaki, tukakaa kimya. Kwa saa nzima alituthibitishia kwa nini hasi mara hasi ni chanya. Kila mstari ulikuwa sahihi. Kesho yake niliingia Kidato cha Kwanza sina cha kutumia.

Kama nanyi mnafikiria kumwalika msomi wa chuo kikuu, msianzie hapo. Kikao cha pili nilibeba rundo la madaftari. Swali lilikuwa −3 − 5, na daftari baada ya daftari jibu lilikuwa 8 badala ya −8. Nilikuwa nimeyapiga wino mwekundu nikiamini watoto wamesahau kanuni. Profesa alifungua kama kumi hivi, akayasoma taratibu, kisha akauliza, "Walimu, huyu mtoto amefundishwa kusema nini?"

Tukajibu kwa pamoja: hasi na hasi ni chanya.

"Basi hajasahau," akasema. "Anaitii."

Iliniuma. Kanuni ile ni ya kuzidisha, nami niliwakaririsha bila kuwaambia inaishia wapi.

Tukaandaa kipindi kimoja pamoja, kwa utaratibu ambao walimu wa Japani wameutumia kwa zaidi ya miaka 100: mmoja anafundisha, wengine wanawatazama wanafunzi, si mwalimu. Mfano ulitoka kwa mwalimu mwenzangu: unadaiwa shilingi 3,000 dukani kwa Mangi, ukakopa tena 5,000, deni limefika ngapi? Profesa alikaa dawati la nyuma, magoti yamembana, akimfuatilia binti mmoja tu. Binti aliandika 8, akafuta, akaandika −8, akasita, akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa ile hasi na hasi ni chanya inatumika wapi?"

Swali hilo likatupa kipindi cha pili, na hapo elimu ya profesa ikapata kazi. Alitupangia mistari ubaoni: 2 × −2 = −4, 1 × −2 = −2, 0 × −2 = 0. Watoto wakaona majibu yanapanda kwa mbili mbili, wakaitaja −1 × −2 = 2 wenyewe.

Kwa hiyo chukueni kosa moja tu, lenye ushahidi wa madaftari. Mwalimu aliye mpya kazini azungumze kwanza, maana profesa akishatoa maoni yake hakuna atakayefungua mdomo. Profesa aje mara nne kwa muhula badala ya semina moja ya siku nzima. Na nauli yake ipangwe mapema. Nimeshuhudia kikundi kizuri kikifa kwa jambo hilo dogo.

Muhula uliofuata profesa alikuja na karatasi za wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza, akazimwaga mezani. Wameandika (a + b)² = a² + b², bila 2ab ya katikati. Hao wametoka kwenye madarasa yetu.