“Soma bila lafudhi”: je, jambo hilo linawezekana?

Swali: Mimi ni Mjaluo, mwigizaji wa sauti hapa Kisumu. Nimetia sauti matangazo ya biashara, michezo ya redio na hadithi za watoto. Tangu utotoni napenda sana kusikiliza jinsi watu wa kila upande wanavyotamka, na hilo ndilo lililonivuta katika kazi hii. Prodyuza mmoja huniambia, “Soma bila lafudhi.” Mwingine anataka nizungumze “kwa lahaja ya Kiluhya” kwa kuwa mhusika ni bawabu. Je, kauli hizi ni Kiswahili sahihi? Na nitaigaje matamshi ya watu bila kuwakejeli?

Jibu: Dada, nianze na kauli ya pili kwa sababu haina mjadala mrefu. Kiswahili hakina lahaja ya Kiluhya. Lahaja ni tawi la lugha lenye msamiati wake, sarufi yake na matamshi yake, na lina wenyewe walioipata kwa wazazi wao. Kimvita cha Mombasa, Kiamu cha Lamu, Kiunguja, Kipemba na Kimakunduchi ni lahaja za Kiswahili. Mmvita anayesema “mato” kwa macho au “ndoo” kwa njoo hajateleza ulimi. Hilo ndilo neno lake, na babu yake alilisema vivyo hivyo. Mtu wa Bungoma anayesema “kari” ana neno lile lile la gari ulilo nalo wewe, ila linatoka katika kinywa kilicholelewa na lugha nyingine. Hiyo ni lafudhi. Kiluhya nacho kina lahaja, Lubukusu (Kibukusu), Lulogooli (Kimaragoli), Lunyore na nyinginezo, lakini hizo ni lahaja za Kiluhya. Kwa hiyo prodyuza wako angesema anataka Kiswahili chenye lafudhi ya Kibukusu, au ya Kimaragoli, maana hizo mbili hazifanani hata kidogo, kama nitakavyoeleza. Neno lenyewe liko katika ngeli ya I-ZI: lafudhi yake, lafudhi zao.

Kauli ya kwanza ndiyo inayoniuma. “Soma bila lafudhi” ni agizo lisilotekelezeka. Kila afunguaye kinywa ana lafudhi: Mmombasa anayo, Muunguja anayo, na msomaji wa taarifa ya habari anayo pia. Kiunguja kilipochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930, shabaha kubwa ilikuwa tahajia, msamiati na sarufi ya vitabu vya shule. Hakuna aliyeondolewa lafudhi. Baadaye redio ikazoesha masikio yetu namna fulani ya kusoma habari, tukaizoea mno hata tukaacha kuisikia kuwa ni lafudhi. Nayo ni lafudhi kama nyingine, ila ina heshima ya studio.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu nimewasikia vijana wengi wa Kakamega, Siaya na Kericho wakiamini kwamba vinywa vyao vina kasoro. Marehemu Ken Walibora alikuwa mzaliwa wa magharibi ya Kenya, akasoma habari kwa Kiswahili kwenye televisheni ya taifa zima na kuandika riwaya zinazosomwa Afrika Mashariki yote. Hakuhitaji kuzaliwa Lamu. Basi ukiambiwa usome bila lafudhi, muulize mwenzako kwa upole anataka lafudhi ipi: ya msomaji wa habari, ya mwalimu wa darasani, ya mama wa Mombasa? Naye akitaka kueleza kasoro anayoisikia, aseme wazi, “punguza athari za Kijaluo kwenye sh,” au “kiimbo chako kinapanda mwishoni.” Agizo la namna hiyo linatekelezeka.

Sasa lile la kuiga, na hapa nitakaa kidogo. Lafudhi si fungu la makosa ya kuokotwa ovyo. Kila moja ina kanuni, nayo kanuni hutoka katika lugha ya kwanza ya msemaji. Mwigizaji asiyeijua kanuni hubadilisha herufi popote apendapo, na mwenye lafudhi yake akisikia anajua mara moja kwamba anachekwa.

Chukua Lubukusu. Katika lugha hiyo sauti za b, d, g na j hazisimami peke yake kama zetu. Zinatokea zikitanguliwa na king'ong'o, yaani m au n. Ndiyo maana Mbukusu wa makamo anaweza kusema “papa” kwa baba, “tawa” kwa dawa na “chana” kwa jana, lakini nyumba na ngano zikatoka safi kabisa. Neno linaloonyesha kanuni yote kwa pamoja ni ndugu. Atasema “nduku”: d imebaki kwa kuwa imelindwa na n, g imegeuka k kwa kuwa haina mlinzi. Mwigizaji anayesema “ntuku” ameharibu. Mpeleke Mmaragoli kwenye kipaza sauti hicho hicho na hutasikia “kari”, kwa sababu lugha yake ina g. Iko hata katika jina lake, Lulogooli. Ndiyo maana nasema “lafudhi ya Kiluhya” ni maelezo mapana mno kwa kazi ya studio.

Lugha yako, Dholuo, inayo b, d, g na j, kwa hiyo gari na baba hazimsumbui Mjaluo. Kisichokuwemo ni sh, z na v. Hapo ndipo shida inapokuwa “sida”, zawadi “sawadi”, na vitu “fitu”. Tena wapo wanaojirekebisha kupita kiasi, wakaipeleka sh mahali isipotakiwa na kusema “shasa” kwa sasa. Jambo hilo ni la kweli na ni zuri kuliigiza, lakini kwa mhusika anayejitahidi kuonekana msomi, asiwe mvuvi wa ufuo wa Dunga anayeongea na mkewe bila wasiwasi wowote.

Kwa Wakalenjin wa Kericho na Nakuru, lugha yenyewe haitenganishi p na b, wala k na g, kuwa sauti za kubadili maana. Mwanzoni mwa neno sauti hutoka kavu, “pasi” kwa basi. Katikati ya irabu hulegea, ikakaribia b. Ukiikaza p kila mahali umetengeneza katuni. Wakikuyu wa Nakuru nao hawana l katika lugha yao, wana r peke yake, na ndipo kulala kunapokuwa “kurara”. Na kwa kuwa b, d na g katika Gikuyu pia huandamana na king'ong'o, wengine huongeza n isiyokuwepo: dawa ikawa “ndawa”. Tazama lilivyo jambo la kupendeza: Mbukusu na Mkikuyu wana tatizo moja, kila mmoja amelitatua kwa njia yake. Mmoja ameondoa mghuno, yaani ule mtetemo wa kooni, mwenzake amekaribisha king'ong'o.

Ukitaka kufunza sikio, nenda Nakuru. Ni mji ambao Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya, Mjaluo na Mkisii hukutana sokoni na lugha yao kuu ya kupatania bei ni Kiswahili. Soko la Kibuye kwenu pia linafaa siku ya Jumapili. Sikiliza kwanza, usiige. Mtu akijua unamwiga, hubadilisha usemi wake.

Konsonanti lakini ni sehemu rahisi. Lafudhi imelala zaidi kwenye kiimbo. Dholuo, Lubukusu, Lulogooli, Kikalenjin na Gikuyu zote ni lugha za toni: kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadilisha maana ya neno. Kiswahili hakina toni. Kina mkazo, nao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno machache hukiuka, kama lazima, inayokazwa mwanzoni. Halafu kuna baraBAra ya magari na baRAbara yenye maana ya sawasawa, ambazo watu wengi wa bara hutamka kwa namna moja. Msemaji wa lugha ya toni hukibebesha Kiswahili muziki wa kwao. Shule itamfundisha sh na z, atazipata, lakini muziki ule hubaki hata akiwa profesa. Kwa hiyo mhusika wako akiwa daktari wa Kisumu, mwachie sh yake iliyonyooka, kisha weka Ujaluo kwenye kiimbo tu. Msikilizaji atamtambua bila kujua amemtambuaje. Akiwa mzee asiyekanyaga darasa, hapo konsonanti nazo ziingie.

Kuhusu kejeli, mfano mkubwa tulionao Kenya ni Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015. Watazamaji wa vipindi vya televisheni vya Vitimbi na Vioja Mahakamani walimjua kama Mzee Ojwang', mzee wa Kijaluo, na wengi hawakuwahi kudhani kwamba alikuwa Mkikuyu. Kazi yake ilikuwa ya kuchekesha, na lafudhi ilikuwa sehemu ya kichekesho, lakini Ojwang' alikuwa mtu kamili: ana mke, ana hasira, ana ujanja, ana hoja. Hapo ndipo ninapoona mpaka. Lafudhi ikiwa ndiyo kitu pekee alicho nacho mhusika, hiyo ni kejeli hata kama kila sauti imepatikana sawasawa.

Na kuhusu yule bawabu, nakushauri uulize kwa nini lazima awe Mluhya. Lafudhi inatuambia mtu amelelewa na lugha gani. Haituambii ana cheo gani wala akili kiasi gani. Waandishi wetu wa matangazo wamegawa kazi kwa makabila kwa muda mrefu, hadi lafudhi ya Kibukusu ikisikika redioni watu wanangoja kicheko kabla mhusika hajasema neno la pili. Ungeweza kupendekeza kwamba bawabu azungumze kwa lafudhi yoyote na meneja wa benki awe Mbukusu. Tangazo halitapungukiwa na chochote.

Lupita Nyong'o, ambaye baba yake ni gavana wenu, amesimulia hadharani jinsi alivyojitahidi kupata matamshi ya Kimarekani kwa ajili ya kazi, kisha akaamua kuzungumza kwa lafudhi yake mwenyewe nje ya uigizaji. Mwaka 2024 aliigiza kwa sauti tu roboti Roz katika filamu ya katuni The Wild Robot. Uwezo wa kuvaa lafudhi ya wengine haukumlazimu kuitupa ya kwao.

Nimalizie na jambo ambalo hukuuliza lakini litakufaa ukipata nafasi ya kuigiza Mmombasa. Kimvita hutenganisha t inayotamkwa kwa ncha ya ulimi kwenye meno na t inayotamkwa nyuma kidogo, kwenye ufizi. Wabantu wengi wa bara hawaisikii tofauti hiyo hata wakirudiwa. Wewe unaisikia tangu utotoni, kwa sababu Dholuo nayo hutenganisha th ya kwenye meno na t ya kwenye ufizi. Kitakachokugharimu zaidi ni mpumuo: paa la nyumba hutamkwa bila pumzi, na paa wa mwituni hutamkwa kwa pumzi inayosikika baada ya p; vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Weka kiganja mbele ya midomo unapofanya mazoezi. Kwa paa wa mwituni na kaa wa baharini, pumzi iguse kiganja. Kwa wale wengine, isiguse.