Swali la lugha: Saini huhakikiwa au huthibitishwa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Nyegezi, natengeneza programu za simu. Sasa hivi natafsiri skrini za programu ambayo mwenye mtumbwi anatuma taarifa ya mzigo akiwa visiwani, simu yake inautia ujumbe saini ya kidijitali, na simu ya mnunuzi huku Mwanza inaikagua saini ile. Wenzangu wamegawanyika: mmoja anataka "sahihi", mwingine "saini". Kitufe cha kukagua tumeshakiandika "Thibitisha saini". Na zile funguo mbili, tuziite "ufunguo wa umma" na "ufunguo binafsi"? Tusaidie.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umeniuliza mambo mawili, na la tatu umelitaja tu kwa kupita, kama jambo lililokwisha. Hilo la tatu ndilo lililonikaa kooni miaka mingi, kwa hiyo utanisamehe nikiyamaliza mengine upesi.

Sahihi ni Kiarabu, maana yake kitu kizima kisicho na kasoro. Jirani zetu wa Kenya wanatia sahihi mpaka leo, na ni Kiswahili safi. Saini tuliipata kwa Waingereza, nayo imeshaota mizizi: tunasaini, tunasainiwa, tunasainishana. Mwanza nzima, kuanzia ofisi ya mtaa hadi bandarini, utaambiwa "weka saini hapa". Shika saini. Ukishika sahihi, siku moja programu yako itabidi imwambie mtu "sahihi hii si sahihi", naye atabaki ameduwaa na simu mkononi.

Sasa tuje kwenye hicho kitufe.

Mwisho wa mwezi huwa nashuka mwaloni Kirumba kununua dagaa. Siku moja nilikuwa nimesimama kwa mama mmoja ninayemnunulia siku zote, simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mzigo kutoka Ukerewe, kupitia programu ya wasafirishaji fulani. Nilichungulia kwa ruhusa yake, maana alitaka nimsomee. Miwani aliiacha nyumbani. Iliandikwa: "Dagaa, magunia 41." Chini yake kulikuwa na vitufe viwili, "Thibitisha" na "Funga". Yeye alikuwa ameagiza magunia 14. Akasema, "Mwalimu, hebu nithibitishe kwanza kama ni kweli," akabonyeza. Skrini ikageuka kijani: "Umethibitisha kupokea magunia 41."

Mchana kutwa ulikwisha kwa malumbano. Mzigo ulioshushwa ulikuwa magunia 14, lakini maandishi yalisema mama amekiri kupokea 41, na mwenye chombo akadai nauli ya 41. Mimi sikukosea kumsomea, wala mama hakubonyeza kwa pupa. Aliuliza swali kwa Kiswahili chake, programu ikalipokea kama jibu. Aliyeandika neno lile alikusudia "Kubali", mama akaelewa "Kagua", na neno likawaachia wote wawili.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Thibitisha limegeuzwa gunia la kutilia kila kitu. Unaingiza namba ya siri: thibitisha. Unakubali masharti: thibitisha. Unasema umepokea mzigo: thibitisha. Mashine inapima kama ujumbe umechezewa: thibitisha. Kiswahili kina kukubali, kuidhinisha, kuhakiki, kukagua na kukiri, yote yako hai mitaani, lakini watafsiri wa skrini wanayapita kama hawayaoni.

Thibitisha limetokana na thabiti, yaani kilichosimama imara. Anayethibitisha anakifanya kitu kiwe imara. Mwalimu mpya hukaa kazini kwanza, halafu anathibitishwa. Siku hiyo swali linafungwa. Hakiki liko kwenye ukoo wa haki na hakika. Anayehakiki anaitafuta kweli, na akiwa njiani hajui atakutana na nini.

Yajaribu mdomoni. "Nimehakiki cheti chake, nimekuta ni cha kughushi." Sentensi inakwenda bila kukwaruza. Sasa sema: "Nimethibitisha cheti chake, nimekuta ni cha kughushi." Ulimi wenyewe unasita. Unaweza kusema "nimethibitisha kwamba cheti chake ni cha kughushi", kwa sababu hapo matokeo yamekwisha kujulikana. Kuhakiki kunaweza kuishia kwenye ndiyo au hapana. Kuthibitisha kunakuja na ndiyo yake mfukoni.

Wananchi wa nchi hii wanaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Kumbuka uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti yenye watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Sikumbuki hata mtu mmoja, mtaani wala redioni, aliyekiita kile kitendo uthibitisho wa vyeti. Kama vyeti vile vingethibitishwa, wale 9,932 wangeendelea na kazi! Laini ya simu pia unaambiwa uhakiki usajili wake kwa *106#, na wapo waliohakiki wakakuta namba wasizozijua zimesajiliwa kwa majina yao. Neno lilikuwepo na linafanya kazi kila siku. Wewe na wenzako mmeliacha mlangoni.

Kwa programu yako neno hili lina uzito kuliko mahali pengine popote, maana kazi yote ya saini ya kidijitali imo ndani ya uwezekano wa kupata hapana. Mwenye mtumbwi ana funguo mbili zilizozaliwa pamoja. Mmoja haumtoki. Simu yake inauchukua ujumbe, inaukokotoa pamoja na ufunguo huo wa siri, inatoa saini. Kwa mtindo mmoja unaotumika sana, Ed25519, saini hiyo ina baiti 64 tu, hata ujumbe uwe mrefu kama kitabu. Simu ya mnunuzi inachukua vitu vitatu: ujumbe, saini, na ule ufunguo wa pili ambao kila mtu anaruhusiwa kuwa nao. Inafanya hesabu yake, kisha inasema vinalingana au havilingani. Mtu akiigeuza 14 kuwa 41 njiani, hesabu inakataa. Akiongeza nukta moja tu, inakataa vilevile. Hesabu ambayo kazi yake ni kuwa tayari kukataa, unaiitaje kuthibitisha?

Kuna kosa lingine limejificha humo, nalo ni kubwa zaidi. Hata saini ikilingana, mashine haijathibitisha kwamba magunia ni 14. Imeonyesha kwamba aliyeushika ule ufunguo wa siri ndiye aliyeusaini ujumbe huu, na kwamba haujabadilishwa tangu asaini. Kama alihesabu vibaya au alidanganya, uongo wake umefika salama salimini. Na kama simu yake iliibwa, umesainiwa na mwizi. Ipo programu ya siku nyingi iitwayo GnuPG ambayo inajua adabu hii. Ukiipa ujumbe uliosainiwa kwa ufunguo ambao hujajiridhisha ni wa nani, inakwambia saini ni nzuri, na papo hapo inakuonya kwamba hakuna dalili ya kuonyesha kuwa saini ni ya mwenyewe. Walioiandika wamesema mambo mawili tofauti, na wakatumia maneno mawili tofauti. Skrini yenye "Ujumbe umethibitishwa" inamwambia mama wa mwaloni kitu ambacho hakuna hesabu duniani inayoweza kumwambia.

Mmoja wa wenzako atasema benki wanaandika "Thibitisha malipo" na watu wamezoea. Hilo nimelikubali. Pale mtu amejaza kiasi mwenyewe, amemtaja mpokeaji mwenyewe, sasa anatilia nguvu neno lake. Ni matumizi ya haki. Tena afadhali hiyo kuliko "kuverifai" ninayoisikia kwa vijana wa mjini, ingawa nayo siku hizi naiacha ipite wanapoongea wao kwa wao. Nisichoweza kukiacha ni maandishi ya kudumu kwenye skrini ambayo mtu atayabonyeza kwa fedha yake.

Zimebaki funguo. "Ufunguo wa umma" umeshaenea, ukiukuta mahali usigombane na mtu. Lakini sikio la hapa likisikia "wa umma" linakwenda kwenye mali ya umma na watumishi wa umma. Mvuvi atadhani ufunguo ni wa serikali, na ni wake mwenyewe. Ila umewekwa mahali ambapo yeyote anaweza kuuchukua. Mwambie "ufunguo wa wazi". Neno hilo linabeba jambo lenyewe lililokuwa jipya mwaka 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman walipolichapisha kule Marekani. Kabla ya hapo waandikiani wa siri walilazimika kushirikiana ufunguo mmoja na kuuficha wote wawili. Hawa wakasema mmoja unaweza kuanikwa. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakapata hesabu ya kulitenda. Na huyo mwenzake usimwite "binafsi". Kitambulisho changu ni cha binafsi, na kila siku nakionyesha watu. Huu haonyeshwi mtu. Ni ufunguo wa siri.

Tena msiandike popote kwamba ujumbe uliosainiwa "umefungwa". Haukufungwa. Kila anayeupata anausoma. Kama mnataka mwingine asiusome, hiyo ni kazi nyingine, na ina skrini yake.

Kwa hiyo mwenye mtumbwi apate kitufe cha "Saini na utume". Mnunuzi apate "Hakiki saini". Ujumbe ambao haujapimwa uandikwe "Saini haijahakikiwa". Ikilingana, andika "Saini inalingana" pamoja na jina la mwenye ufunguo, bila kuongeza sifa. Isipolingana, andika "Saini hailingani na ujumbe huu", kwa herufi ambazo mtu aliyeacha miwani nyumbani ataziona. Kitufe cha kupokea mzigo kiweke kwenye skrini yake chenyewe, idadi ya magunia ikiwa juu yake kwa tarakimu na kwa maneno, nacho kiandikwe "Nimepokea".